Wasifu Usiojitosheleza Humkosesha Mwombaji Nafasi ya Usaili

Matangazo ya kazi yanayotolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma humtaka mwombaji kuambatisha maelezo binafsi yanayojitosheleza, yenye anwani na namba za simu za kuaminika pamoja na majina ya wadhamini watatu. Maelezo hayo, yaani wasifu, humtangulia mwombaji mbele ya waajiri. Yakiwa na dosari, mwenye sifa stahiki anaweza kuachwa kabla ya usaili.

Kosa linalojirudia ni kutumia wasifu uleule kwa kila nafasi. Wasifu makini huandikwa baada ya kusoma tangazo, ili sifa na majukumu yaliyotajwa yaonekane mapema. Mhasibu anayeandika kuwa "alifanya kazi za uhasibu" hajajieleza. Anayeandika kuwa kila mwezi alilinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki ameonesha uwezo wake. Mhitimu asiye na uzoefu naye ana la kuandika: mafunzo kwa vitendo na kazi za kujitolea, pamoja na mahali, muda na majukumu aliyotekeleza.

Kosa jingine ni taarifa kukinzana. Majina na tarehe ya kuzaliwa yanapaswa kufanana katika wasifu, vyeti na kitambulisho cha Taifa. Aliyebadili jina anapaswa kukamilisha taratibu za kisheria mapema, badala ya kusubiri siku ya usaili. Aidha, hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazipokelewi badala ya vyeti.

Wadhamini nao waombwe ridhaa kabla ya kutajwa, na wawe watu wanaoufahamu utendaji wa mwombaji.

Kutia chumvi ni hatari zaidi. Uhakiki uliofanyika mwaka 2017 ulibaini zaidi ya watumishi wa umma 9,000 wenye vyeti vya kughushi, nao wakapoteza ajira. Sifa isiyo na uthibitisho isiandikwe.

Wasifu ukikamilika, ni vyema usomwe na mtu mwingine kabla ya kutumwa, kwani tarakimu moja iliyokosewa katika namba ya simu yatosha kumfanya mwombaji asipatikane anapohitajika.