Tuandike Shughuli Zetu, Tupate Usingizi

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mara nyingi usemi huo tunauachia wenye maduka. Leo tuutazame kwa upande wa shughuli zetu za kila siku, maana nazo zisipoandikwa humtesa mwenyewe.

Tumchukue mkulima wa Nyansurura, wilayani Serengeti. Mvua zimekaribia na shamba halijalimwa. Mtoto hana sare. Kuna marejesho ya kikundi, kikao cha ukoo juu ya ng'ombe wa mahari, na dawa ya mifugo ya kununua. Yote hayo ameyabeba kichwani. Mchana akiwa na jembe anawaza deni. Usiku akilala anakumbuka dawa. Anasafiri hadi Mugumu kununua mbegu, na akisharudi nyumbani ndipo anakumbuka cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ambacho nacho kilikuwa cha kufuatiliwa huko huko. Nauli imekwenda, siku imekwenda, na hasira zinawaangukia walio nyumbani.

Je, kuandika kunasaidia? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa vijana 57. Kabla ya kulala, kundi moja liliandika kwa dakika 5 mambo ya kufanya siku zinazofuata. Kundi la pili liliandika yaliyokwisha kufanywa. Walioandika mambo yajayo walipata usingizi mapema zaidi, kwa wastani wa dakika 9. Uchunguzi mwingine, wa Masicampo na Baumeister mwaka 2011, ulionyesha kwamba jambo lisilokamilika huacha kuingilia mawazo mara mtu anapolipangia mpango mahsusi, hata kabla hajalitenda.

Mmarekani David Allen alieleza utaratibu wa namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2001. Kwa mazingira yetu tunaweza kuufuata hivi.

Kwanza, andika kila linalokusumbua, kubwa na dogo, bila kuchagua.

Pili, kwa kila jambo andika hatua ya kwanza inayotendeka. "Shule ya mtoto" si hatua, ni mzigo. "Jumatatu nimwone mwalimu mkuu" ni hatua.

Tatu, panga kwa mahali. Uwe na ukurasa wa shambani, wa nyumbani, na wa Mugumu. Siku ya safari, fungua ukurasa wa Mugumu kabla hujapanda gari.

Nne, siku moja kila juma pitia daftari lote. Futa yaliyokwisha, ongeza mapya. Usipolipitia, kichwa hakitaliamini, nacho kitaanza tena kukuamsha usiku.

Daftari la shule na kalamu vinatosha. Wala jambo hili si geni kwetu. Tangu mwaka 1968 mikoa ya Ziwa, ukiwamo Mara, ilikuwa mahali pa majaribio ya kisomo chenye manufaa, ambapo watu wazima walijifunza kuandika kupitia kazi zao wenyewe, kama kilimo cha pamba. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wake. Mtoto naye atajifunza kupanga.

Hata hivyo tusidanganyane. Daftari halileti mvua, wala halifukuzi tembo katika mashamba yaliyo jirani na hifadhi. Tena mama anayechota maji, kutafuta kuni, kupika na kulima hahitaji orodha tu. Anahitaji mtu wa kumpokea. Hapo ndipo daftari linapofaa nyumba nzima. Baba na mama wakilisoma pamoja, itaonekana wazi nani ameandikiwa kazi 10 na nani 2, na kazi ziweze kugawanywa.

Ndugu wasikilizaji, shughuli hazitaisha. Lakini ile iliyoandikwa na kupangiwa siku yake haina sababu ya kukuamsha usiku wa manane. Tuanze leo, kabla ya kuzima taa.