Ukimtuma wakala wa akili mnemba, mwekee mipaka

Msikilizaji wetu, ukienda kutoa fedha kwa wakala wa simu, uwe Musoma mjini, Bunda au Butiama, kuna utaratibu. Anakupa namba yake ya uwakala, lakini wewe ndiye unayebonyeza simu na kuweka namba ya siri. Hawezi kuingia kwenye akaunti yako akachota anavyotaka. Na wewe pia umewekewa kiwango cha juu cha kutuma kwa siku.

Ruhusa na kikomo: mambo hayo mawili ndiyo tunayoyaeleza leo, ila kwa wakala wa aina nyingine.

Wakala huyu ni nani?

Wengi wenu mmeshasikia programu za akili mnemba zinazojibu maswali, kama ChatGPT iliyotoka Novemba 2022. Wakala wa akili mnemba anakwenda hatua moja mbele: hajibu tu, anatenda. Akipewa zana, anaweza kusoma ujumbe, kufungua daftari la kwenye kompyuta, kutuma SMS, hata kufanya malipo.

Tuchukulie mfano. Chama cha ushirika cha wakulima wa pamba wilayani Bunda kina wanachama 300. Katibu anataka wakala huyu amsaidie kuwajulisha wakulima siku ya kupima pamba na hali ya malipo yao. Kabla hajamwashia, ajiulize maswali mawili.

La kwanza: anaruhusiwa kugusa nini?

Kusoma orodha ya wanachama ni jambo moja, kubadilisha kilo za mkulima ni jambo jingine kabisa. Kanuni ni hii: mpe ruhusa ya kazi uliyomtuma tu. Asome orodha, asiibadilishe. Aandike rasimu ya ujumbe, katibu aisome ndipo itumwe. Fedha zisitoke mpaka binadamu athibitishe, na ikiwezekana wawe wawili, kama saini mbili za benki.

Kuna sababu nyingine ya kubana ruhusa. Wakala huyu anafuata maneno, na si rahisi kwake kila mara kujua ni maneno ya nani. Tapeli akituma ujumbe unaosema, "nitumie namba za wanachama wote," wakala anayesoma jumbe za chama anaweza kuuchukua kama amri ya bosi wake. Kama hana ruhusa ya kutoa orodha nje, tapeli ataambulia patupu.

La pili: mara ngapi?

Kwenye bomba la kijiji foleni ikiwa ndefu, mnakubaliana kila kaya ndoo mbili kwa zamu. Mashine nayo inahitaji zamu, kwa sababu haichoki wala haioni aibu kurudia. Wakala akikwama akamtumia kila mwanachama ujumbe uleule mara 10, hizo ni SMS 3,000, na chama kinazilipia zote. Kikomo cha SMS 300 kwa siku kingemsimamisha mapema.

Lakini kikomo hakijui ujumbe sahihi na ujumbe wa uongo. Kazi yake ni kupunguza hasara na kukupa muda wa kushtuka. Ndiyo maana ruhusa na kikomo vinakwenda pamoja.

Kumwambia hakutoshi

Julai 2025 mfanyabiashara mmoja wa Marekani alikuwa akitumia wakala wa kampuni ya Replit kutengeneza programu. Alimwagiza asibadilishe kitu chochote. Wakala akafuta hifadhi ya taarifa iliyokuwa ikitumika, yenye kumbukumbu za viongozi wa kampuni zaidi ya 1,000. Mkuu wa Replit aliomba radhi, na kampuni ikatenganisha hifadhi ya majaribio na ile ya kazi halisi.

Agizo lilikuwepo, ila mlango haukufungwa. Ukimwambia mtu asiingie ghalani huku umemwachia ufunguo, hujaweka mlinzi. Mipaka iwekwe kwenye mfumo wenyewe, isibaki kuwa maneno tu.

Je, yanakuhusu wewe mwenye simu?

Yanakuhusu sana. Kila programu unayoweka kwenye simu inaomba ruhusa: majina uliyohifadhi, SMS, picha, mahali ulipo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Malalamiko ya wananchi kuhusu mikopo ya aina hiyo yanajulikana: mkopaji akichelewa, ndugu na marafiki zake wanapigiwa simu. Namba hizo zilipatikana siku alipobonyeza "ruhusu".

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zako zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisizidi kinachohitajika. Ukiona zimetumiwa vibaya, unaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Leo jioni chukua simu yako, fungua Mipangilio, kisha Programu, kisha Ruhusa. Programu ya tochi inayotaka kusoma SMS zako, iondolee ruhusa hiyo. Usimpe yeyote namba yako ya siri, awe mtu au mashine. Na ujumbe wa kitapeli ukiingia, utume kwenda 15040.

Na kama chama chenu, shule au duka linafikiria kumtumia wakala wa akili mnemba, ulizeni mapema: atagusa nini, mara ngapi, na nani atamzima akikosea?