Askari wa Siku Tatu kwa Wiki?



Likizo iliyopita, baada ya sala ya jumuiya, mama mmoja alinivuta pembeni. Kijana wake ni askari katika jeshi la Uingereza, ambalo tangu zamani huandikisha pia vijana kutoka nchi za Jumuiya ya Madola. Katika simu ya mwisho kijana alimweleza kwamba siku hizi haendi kazini Jumatano na Ijumaa. Anabaki nyumbani na mtoto, kwa kuwa mkewe naye amerudi kazini. Mama hakupata usingizi. "Frateri," akaniambia, "askari gani anakaa nyumbani siku mbili kila wiki? Huyu wamemfukuza, ananificha."

Nilimwahidi kwamba nitalitafuta jambo hilo. Limenichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani, kwa sababu chini yake kuna swali ambalo sisi tunaosoma falsafa hatuwezi kulipita: mtu aliyejitoa mzima, anaweza kutumika nusu?

Kwanza mambo yenyewe yalivyo. Kijana hakufukuzwa. Mwaka 2018 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria inayomruhusu askari wa kudumu kuomba utumishi uliopunguzwa, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Aprili 2019. Kabla ya hapo askari wa kudumu alikuwa na hali mbili tu, yumo jeshini au ametoka. Akiwemo, ni wa jeshi saa 24, siku 7, na popote atakapotumwa. Mwenye mtoto mgonjwa au mzazi mzee angeweza kuomba likizo bila malipo, na likiisha hilo, ama arudi kikamilifu ama aache kazi. Kwa wanawake ilikuwa ngumu zaidi. Mpaka mwaka 1990 mwanamke aliyepata ujauzito katika majeshi ya nchi hiyo aliachishwa kazi. Nilisoma jambo hilo mara mbili nikidhani nimekosea tarakimu.

Sheria mpya inatoa njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza siku. Askari anaweza kuacha siku moja au mbili za kazi kwa wiki, na mshahara wake unapungua kwa kadiri hiyohiyo: asilimia 20 kwa siku moja, asilimia 40 kwa siku mbili. Njia ya pili haigusi siku za wiki bali umbali. Askari anaendelea kufanya kazi, lakini hatatengwa na kituo chake cha nyumbani zaidi ya siku 35 kwa mwaka. Anaweza kuomba njia moja au zote mbili, kwa kipindi maalumu, si kwa maisha yake yote ya utumishi.

Kufanya kazi ukiwa nyumbani ni jambo jingine, na watu huyachanganya haya. Hilo halikuhitaji sheria mpya. Mkuu wa kikosi anaweza kumruhusu askari kuanza kazi mapema na kuondoka mapema, kubana saa za siku tano ziingie katika nne, au kushughulikia baadhi ya kazi zake akiwa nyumbani. Hapo kazi haipungui na mshahara haukatwi. Lakini ni ruhusa, na ruhusa inaweza kuondolewa. Sheria za kawaida za ajira za Uingereza humpa mfanyakazi wa kiraia haki ya kuomba mpangilio kama huo, ila askari hayumo ndani ya haki hiyo.

Sasa turudi kwenye swali. Jenerali Sir John Hackett, katika mihadhara yake ya mwaka 1962 juu ya taaluma ya kijeshi, alieleza kwamba kinachomtofautisha askari na wafanyakazi wengine ni wajibu usio na mpaka. Mwalimu au fundi anaweza kuumia kazini, lakini hakuna anayeweza kumwamuru kihalali aende mahali ambapo huenda akafa. Askari anaweza kuamriwa hivyo. Hackett akiwa sahihi, mama yule naye ana hoja. Wajibu usio na mpaka unakatwaje asilimia 40?

Jibu, nionavyo mimi, ni kwamba kilichokatwa si wajibu. Ahadi ya askari na ratiba ya askari ni vitu viwili. Ahadi inamhusu mtu mzima na haigawanyiki. Ratiba ni namna ahadi hiyo inavyotekelezwa, nayo inaweza kupunguzwa au kuongezwa bila ahadi kuguswa. Utaratibu wenyewe unalithibitisha hili, kwa kuwa jeshi limebaki na uwezo wa kukataa ombi likiona kazi itaharibika, na uwezo wa kusimamisha mpango ikitokea dharura ya taifa. Kijana yule siku ya Ijumaa anamlisha mtoto uji, na bado ni askari anayeweza kuitwa. Sisi huku tunaujua mfano wa karibu. Paroko ni paroko hata akiwa kwao likizoni, na kanuni 533 inampa hadi mwezi mmoja kwa mwaka wa kuwa mbali na parokia yake. Hakuna mwamini anayesema mwezi huo Baba Paroko ni padre nusu. (Wapo wanaonung'unika, lakini hilo ni suala jingine.)

Aristotle anatusaidia kwa namna isiyotarajiwa. Katika Siasa anasema dola kwa asili inatangulia familia, kama kitu kizima kinavyotangulia sehemu yake. Wanaotaka jeshi lidai kila kitu huishia hapo. Lakini katika kitabu cha nane cha Maadili kwa Nikomako anasema familia ni ya kale zaidi na ya lazima zaidi kuliko dola. Dola inayowamaliza wazazi kwa kuilinda dola inakula mbegu. Na majeshi ya Uingereza yameliona hilo kwa njia ya kawaida kabisa, ya watu kuondoka. Katika utafiti ambao wizara yao ya ulinzi huufanya kila mwaka kwa askari wenyewe, athari za utumishi kwa familia na maisha binafsi ni miongoni mwa sababu za mbele kabisa za kufikiria kuacha jeshi.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipangwe kwa kuheshimu mahitaji ya mtu na maisha yake, kwanza maisha ya nyumbani. Hakuwatoa askari. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, katika Gaudium et Spes namba 79, unawaita askari watumishi wa usalama na uhuru wa watu. Mtumishi ni mtu anayefanya kazi, na mtu anayefanya kazi ana nyumba.

Nilipomweleza mama haya kwa simu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali lililo bora kuliko yote niliyoyakuta maktabani: "Sasa hiyo Ijumaa, lindo lake anashika nani?"

Lindo halipungui asilimia 20. Geti la kambi linalindwa siku zote, na siku za mwenye mtoto zinabebwa na mwenzake, mara nyingi kijana asiyeoa, ambaye hana cha kuandika kwenye fomu ya maombi. Sheria yenyewe ni fupi sana, kurasa chache tu. Imepanga haki kati ya askari na serikali. Haki kati ya askari na mwenzake imeachwa mikononi mwa mkuu wa kikosi. Hapo ndipo ninapoona udhaifu wake. Tena kuna tofauti za kazi. Afisa wa mipango aliye makao makuu anaweza kumaliza taarifa mezani kwake nyumbani, mradi isiwe ya siri. Fundi hawezi kuibeba injini ya ndege. Na tangu mwaka 1969 Uingereza imekuwa na angalau nyambizi moja yenye silaha za nyuklia baharini wakati wote. Aliye ndani yake hana Jumatano wala Ijumaa. Faida ikiwafikia tu wenye madawati, jeshi litakuwa na tabaka mbili chini ya kiapo kimoja.

Upo pia upande wa pili, ambao watu husahau kuusema. Kuanzia mwaka 2013 marubani wa jeshi la anga walirusha ndege zisizo na rubani juu ya Afghanistan wakiwa kituo cha Waddington, Lincolnshire. Zamu ikiisha, walirudi kwa familia zao. Askari waliotoka Afghanistan kwa miguu yao walipitishwa kwanza kisiwani Cyprus kwa siku moja au mbili, wapumzike na kuzungumza kabla ya kufika nyumbani. Rubani wa Waddington alikuwa na barabara tu kati ya vita na chakula cha jioni. Kwa hiyo ukaribu na nyumbani peke yake haujawa bado ulinzi wa familia. Siku ya nyumbani inamfaa mtoto pale baba anapokuwa amefika kweli.

Mama sasa ana amani, na ameshahamia kwenye hesabu nyingine. Anataka kujua kama kijana anaweza kuzikusanya Jumatano na Ijumaa zake zote aje nazo Desemba, mtoto abatizwe huku. Nimemwambia siku hizo si likizo, hazikusanywi. Akamwombe mkuu wake likizo ya kawaida, na aombe mapema.