Ngozi, Kutu na Maneno ya Kuazima

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu hadi Kayole, si ajabu siku hizi kumsikia msichana wa kidato cha nne akizitaja hatua za kutunza uso kwa mtindo wa Kikorea kama anayezitaja ngeli za nomino: kuosha kwa mafuta, kuosha kwa povu, kupaka seramu, kisha krimu na, asubuhi, kinga ya jua. Neno linalorudiwa zaidi katika mlolongo huo ni antioksidanti. Wengi walitamkao hawawezi kulieleza, na anunuaye asichoweza kukieleza humwachia muuzaji kazi ya kumfikiria.

Maana yake si ngumu. Mwalimu wa kemia huonyesha jinsi msumari unavyoshika kutu ukikutana na hewa na maji. Mpishi naye huona parachichi lililokatwa likigeuka rangi, akalikamulia ndimu. Kutu na rangi hiyo ni kazi ya oksijeni. Vitamini C iliyomo katika ndimu, ikisaidiana na uchachu wake, hutangulia kushambuliwa ili parachichi lisalimike. Ngozi nayo, ikipigwa na jua na moshi wa magari, huzalisha chembe huru ambazo huzinyang'anya seli elektroni zao. Antioksidanti hujitoa mhanga: huzipa chembe hizo elektroni zake zenyewe.

Katika jambo hili Mkenya hana haja ya kujiona mgeni. Wakorea huisifu chai ya kijani kwa sababu ya katekini zake, na mmea unaotoa chai hiyo ndio ule ule unaolimwa Kericho. Mwaka wa 2011, watafiti wa chai wa humu nchini walitoa aina ya chai ya zambarau, TRFK 306, yenye anthosianini kwa wingi, ambazo pia ni antioksidanti.

Basi tatizo liko wapi? Liko katika maneno. Sheria ya vipodozi ya Korea Kusini, tangu mwaka wa 2000, inatambua kundi la vipodozi viitwavyo 'mibaek'. 'Mi' ni uzuri. 'Baek' ni weupe. Viungo vilivyoidhinishwa huko, kama niasinamidi ya asilimia 2 hadi 5, ni vya upole. Lakini neno hilo likivuka bahari hufasiriwa 'kung'arisha', na katika vibanda vyetu kung'arisha huwekwa rafu moja na kuchubua. Kuchubua, kama kila mwanafunzi wa Kiswahili ajuavyo, ni kuondoa ngozi ya juu. Hapana urembo katika kitenzi hicho.

Sheng, lugha iliyokulia Eastlands, humsifu mwenye ngozi ya maji ya kunde kwa kumwita 'rangi ya thao'. Tafakari, msomaji: Kiswahili cha wazee kililinganisha rangi ya mtu na chakula, chetu cha leo kinailinganisha na noti ya shilingi 1,000. Lugha inapoanza kuweka bei kwenye rangi ya ngozi, wafanyabiashara hawachelewi kufika.

La kusikitisha zaidi ni kwamba melanini, rangi nyeusi ya ngozi yetu, hufyonza miale ya jua na yenyewe ni antioksidanti. Ajichubuaye kisha akanunua seramu ya kulinda ngozi ni kama mtu aliyebomoa ukuta wake wa mawe akanunua wa karatasi.

Wala mtu asidhani kuwa kila kiitwacho antioksidanti ni salama. Haidrokwinoni ni antioksidanti, na viwandani hutumiwa kuzuia uoksidishaji. Usoni huzuia kutengenezwa kwa melanini, na ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi yenye usamawati yasiyofutika kwa urahisi. Zebaki ni mbaya zaidi. Uchunguzi uliofanywa Nairobi na kuchapishwa mwaka wa 1972 katika jarida la British Medical Journal ulihusu wagonjwa 60 wa maradhi ya figo. 32 kati yao walikuwa wametumia krimu za kujichubua. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, limevipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini marufuku haimsaidii asiyejua kusoma kibandiko. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Nawaomba walimu wenzangu waifanye chupa ya kipodozi kuwa matini ya somo. Wa kemia aeleze kwa nini vitamini C iliyowekwa katika chupa angavu na kuanikwa juani kibandani huwa imekwisha kuoksidishwa kabla ya kununuliwa, na kwa nini rangi yake ya kahawia ni onyo. Wa biolojia aeleze kazi ya melanini. Wa Kiswahili awaulize wanafunzi tofauti kati ya kulinda, kung'arisha na kuchubua, kisha awatake waipange mifano waliyoiona madukani chini ya kila kitenzi.

Nanyi wanafunzi, kabla ya kulipa, dai orodha ya viungo katika lugha mnayoisoma. Ikiwa haipo, au ikiwa imeandikwa kwa herufi ambazo hata muuzaji hazijui, rudisheni chupa rafuni. Fedha hizo zitatosha kofia, na kofia haina kiungo kilichofichwa.