Kubwa ya Begani au Ndogo ya Mfukoni?

Mtu akitaka kununua kamera siku hizi, na fedha zake si nyingi, aghalabu hujikuta mbele ya vitu viwili visivyofanana hata kwa sura. Kimoja ni lile dubwana jeusi la begani, lenye kioo ndani yake kinachoinuka na kushuka kila unapobonyeza, ambalo mafundi huliita DSLR. Si jipya, limekwisha pita mikono miwili mitatu. Cha pili ni kijikamera kinachoingia katika mfuko wa kanzu na bado ikabaki nafasi ya tasbihi. Bei zao zaweza kukaribiana. Vijana wengi wameniuliza wachukue kipi, na mimi mwenyewe nilikuwa na haja ya kuamua kwa ajili ya kazi nitakayoieleza hapa chini. Basi leo, wasomaji wangu, tuwape washairi likizo tuzungumze vyombo.

Kwanza tujue kwa nini makubwa hayo yamekuwa rahisi. Canon na Nikon hawajatoa DSLR mpya tangu mwaka 2020. Wamegeukia kamera zisizo na kioo ndani. Wenye mali wakauza walizokuwa nazo ili wafuate mpya, na sisi wengine tukanufaika. Ndogo nazo zilipatwa na simu. Mwaka 2010 viwanda vya kamera, ambavyo karibu vyote ni vya Kijapani, vilipeleka sokoni kamera zaidi ya milioni 120, na nyingi zilikuwa za mfukoni. Ilipofika 2020, mwaka wa korona, hazikutimia milioni 9.

Najua kuna msomaji atakayeniambia, "Na simu je?" Simu ninayo, na kwa harusi ya jirani na samaki mkubwa aliyevuliwa Kipini yatosha kabisa. Lakini kazi yangu ilikuwa ndani ya nyumba ya watu, na watu wa nyumba hiyo walikataa simu. Haikuwa kwa ubaya wa picha zake. Walikataa kwa sababu picha ya simu yaweza kufika Dubai kabla hujavaa viatu vyako mlangoni. Sikuwa na la kuwajibu.

Kazi yenyewe ni hii. Katika mtaa mmoja wa Lamu yuko bibi mmoja mkubwa ambaye babu yake alikuwa mtu wa kalamu. Ameacha kasha la karatasi: tenzi, qasida, nyiradi, hati za mirathi na za mashamba, zote kwa herufi za Kiarabu, nyingine kwa lugha ya Kiarabu na nyingine kwa Kiswahili chetu. Mchwa wamekula pembe, na unyevu umezigandanisha baadhi ya kurasa. Wajukuu hawazisomi. Bibi akakubali nizipige picha kwa masharti matatu: karatasi isitoke nje ya mlango, mtu asipigwe, na picha zisionyeshwe mtu pasipo idhini yake. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, mji huo huo, ilipata bahati ya kupigwa picha kwa msaada wa mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini. Makasha ya majumbani hayana mpango. Yana mtu mmoja mmoja mwenye kamera, akitokea.

Nikapata nafasi ya kuchagua kati ya mbili. Ya kwanza ni Nikon D90, iliyotoka mwaka 2008, nayo ndiyo DSLR ya kwanza duniani iliyoweza kupiga sinema. Mwuzaji mmoja wa Mombasa alikuwa nayo, pamoja na lenzi fupi ya milimita 50. Ya pili ni Sony RX100 ya mwaka 2012, ambayo mpwa wangu aliyeko Ghuba alikuwa tayari kuniletea. Akaniambia kwa simu, "Mjomba, wacha kubeba tofali. Hii ndogo ina megapikseli 20, hiyo yako ina 12." Na kweli hesabu ndiyo hiyo.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Megapikseli ni idadi ya vibaba; nuru ndiyo nafaka. Ndani ya kila kamera kuna sensa, kibati kidogo kinachopokea nuru mahali pa ule ukanda wa filamu wa zamani. Sensa ya D90 ina milimita 23.6 kwa 15.8. Ya RX100 ina 13.2 kwa 8.8. Zidisha, utaona ile ya kwanza ni zaidi ya mara tatu ya hii ya pili. Zile kamera za mfukoni za kawaida, zilizokuwa zikiuzwa kama njugu, sensa yake ni ndogo mno: D90 huizidi yapata mara kumi na tatu. Kwa hivyo anayesema "kamera ya mfukoni" na aseme ni ipi, maana RX100 na nyinginezo hazilingani hata kidogo.

Lakini usikimbilie kusema kubwa imeshinda. Nuru huingia kwa mlango, na mlango ni lenzi. RX100 inapoonyesha upana wake wote, lenzi yake hufunguka hadi f/1.8, na ile lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na D90 huanzia f/3.5. Tofauti hiyo ni karibu mara nne ya nuru. Ukiweka hesabu zote mbili pamoja, ndogo huikamata kubwa na hata kuipita kidogo! Ukivuta karibu, mambo hubadilika, kwani lenzi ya ndogo hujibana hadi f/4.9. Na ukiitoa ile lenzi ya kawaida ya D90 ukaweka ya milimita 50 yenye f/1.8, basi mara tatu zake hurudi zote. Lenzi hiyo kongwe ni nafuu, na D90 ina mota ndani ya mwili wake ya kuizungusha. Nikon nyingine ndogo za miaka hiyo, kama D40 na D3000, hazina mota hiyo. Ukiwa nazo itakubidi uzungushe kwa mkono. Mwuzaji huenda asikwambie.

Kwa kuwa tumetaja nuru na mlango, niseme neno kwa wenzangu wa chuoni. Kuna wanaoshikilia kuwa "kamera" limetokana na "qamari" la Kiarabu. Si kweli; ni Kilatini, maana yake chumba. Hata hivyo fahari yetu haikupotea. Katika karne ya 11 Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Kairo, alikwisha eleza kwa uchunguzi jinsi nuru ya jua lililopatwa inavyopita katika tundu dogo na kuchora umbo la hilali ukutani, ndani ya chumba cha giza. Hayo yametosha bila ya kuiba neno la watu.

Chumba cha bibi nacho ni cha giza. Anayezijua nyumba za mawe za Lamu anajua: kuta nene, zidaka, na nuru yote hutoka juu kiwandani na kuingia ndani kwa kupimwa. Taa ya kamera sikutaka, kwa sababu hung'aa juu ya karatasi na kuficha maandishi, na karatasi kongwe haina haja ya kumulikwa hivyo mara elfu. Nilitandika kitambaa karibu na kiwanda, nikasimamisha kamera juu ya stendi ikitazama chini, sawasawa na ukurasa, nikaiacha ijipige yenyewe baada ya sekunde chache ili mkono wangu usiitikise.

Kwa nini tahadhari yote hiyo? Kwa sababu ya nukta. Herufi za Kilatini zikififia kidogo bado utazikisia. Herufi zetu haziko hivyo. Ha, jimu na kha zina mwili mmoja. Kinachozitenga ni nukta, chini au juu au hakuna. Nukta ya jimu ikipotea katika chengachenga za picha mbaya, "jamali", yaani uzuri, huwa "hamali", mchukuzi wa bandarini. Mshairi alimsifu mpenzi wake, na wewe unamsoma akimpakia magunia. Pia uko wino mwekundu wa vichwa vya beti, ambao kwenye karatasi iliyogeuka rangi ya chai hutaka kamera isiyodanganya rangi.

Nisiidhulumu ndogo. Juu ya stendi, kwa nuru ya asubuhi, RX100 yaweza kazi hiyo. Nayo huhifadhi picha mbichi kama D90, ile ambayo kamera haijaipika, na megapikseli zake 20 zina faida ya kweli hapo. Aliye nayo asijute. Yaliyonielekeza kwa kubwa ni mengine.

La kwanza ni umeme. Kwa kipimo cha viwanda vyenyewe, betri ya D90 hupiga picha 850 kwa chaji moja, na ya RX100 hupiga 330. Umeme ukikatika saa nne za asubuhi, tofauti hiyo ndiyo kazi ya siku nzima.

La pili ni hewa ya kwetu. Pwani ina chumvi, ina mchanga, na ina unyevu. Lenzi ya ndogo hutoka nje kila unapoiwasha na kurudi ndani kila unapoizima. Punje moja ya mchanga wa Shela ikiingia katika bomba lile, mota husaga, kisha hugoma, na hapo kamera nzima imekwenda. Kubwa nayo huota kuvu ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba kama za buibui, lakini hapo utaitupa lenzi ubakie na mwili. Zote mbili msiziweke katika mkoba wa ngozi, maana ngozi hushika unyevu na kuvu huipenda. Bati la biskuti lenye kifuniko cha kubana, na ndani vile vipakiti vya chembe za kunyonya maji vinavyokuja na viatu vipya, ni bora kuliko mkoba wowote wa Ulaya.

La tatu ndilo zito zaidi, na wala halimo katika vitabu vya kamera. Ni staha. Watu husifu kamera ndogo kwa kuwa haionekani. Katika kupiga picha za njiani ni kweli: ukipita Ndia Kuu na kidude cha gramu 240 watu hawageuki, mwuza kahawa huendelea kumimina, watoto hawajipangi mstari. Nikiinua D90 na lenzi yake, jumla gramu 850 na zaidi, baraza zima hukaa kimya kana kwamba ameingia hakimu. Kwa picha yenye uhai, ndogo inaishinda kubwa hapo, na siku ya Maulidi ya Lamu, katika msongamano wa matari, ningetamani kuwa nayo.

Lakini kutoonekana ni sifa ya mwenye haki na ya mwenye hila vile vile. Sisi tuna majumba yenye pazia. Tuna siku ya kutolewa bibi arusi, ambapo wake zetu na binti zetu hukaa wamejipamba, nywele wazi, kwa kuwa wanajua waliomo humo. Fitina ngapi zimezuka kwa picha iliyotoka mahali kama hapo? Kamera kubwa haiwezi kuingia bila ya kubishia hodi. Ikielekezwa, mtu huiona, na ana nafasi ya kusema "La" au kuvuta buibui lake. Ndogo haimpi nafasi hiyo. Yote yamewekwa juu ya uaminifu wa anayeishika, na si kila mshikaji tunamjua.

Bibi alilitambua hilo pasipo kuambiwa. Kabla ya kuamua nilimwonyesha kamera mbili, moja ya mwuzaji, na nyingine ndogo niliyoazima kwa rafiki. Akaishika ile ndogo, akaigeuza, akanirudishia. "Mwanangu, hii siioni inatazama wapi," akasema. "Lete hilo zee."

Basi nikanunua zee. Kwa atakayefuata njia hiyo, asitoe fedha kabla ya kuielekeza lenzi kwenye nuru na kuichungulia kama ina nyuzi za kuvu, na kabla ya kupiga picha ya mbingu tupu kwa tundu dogo, f/16, aone kama madoa ya vumbi yamejaa. Auulize pia mlango wa kamera umefunguka mara ngapi, kwani Nikon waliujaribu wa D90 kwa mara 100,000. Idadi hiyo husomwa kutoka kwenye picha yenyewe, na mwuzaji asiyetaka isomwe amekwisha jibu. Mpira wa pembeni ukilegea si kitu, gundi yatosha. Na atakayechagua ndogo aiwashe na kuizima mara kumi mbele ya mwuzaji, akitega sikio kwa ile mota.

Mpwa wangu amekasirika kidogo, lakini RX100 amebaki nayo mwenyewe, na juzi ameniletea picha ya majahazi ya Dubai ambayo zee langu lisingeipata. Kashani mwa bibi nimemaliza mafungu matano. Yamebaki mawili, yale yaliyogandana, ambayo lazima yafunguliwe ukurasa kwa ukurasa kwa upanga mwembamba wa mwanzi, na bibi hataki yaguswe mpaka mvua za masika zipite na hewa ikauke.