Stima Ikipotea Kompyuta Ikiweka Programu
Ndugu wanavikundi, Ubuntu, ile programu mama ya Linux katika kompyuta yetu, hutolewa bure tangu 2004. Lakini bando tunanunua! Majuzi hapa Kakamega stima ilipotea katikati ya kusasisha. Iliporudi, kila programu tuliyotaka kuongeza ilikataliwa. Mmoja wetu alitaka fundi aifute yote; na hesabu za mikopo zingeenda wapi? Kumbe programu moja ilibaki nusu, na nyingine haziwekwi mpaka hiyo imalizike. Fungueni Terminal, andikeni: sudo dpkg --configure -a, halafu mbonyeze Enter. Neno la siri halionekani mkiliandika, msishtuke. Nanyi wenye Ubuntu 20.04, marekebisho yake ya kawaida yaliisha 2025. Nakilini hesabu kwenye flashi kwanza, ndipo mhamie toleo jipya.