Mtoto mwenye kifafa akibadilika tabia, usikimbilie fimbo

Haanguki tena mara kwa mara, lakini amekuwa mkali, halali vizuri na hataki kucheza na wenzake. Wapo wanaomwita mtundu, na wapo wanaosema ana jini.

Mzazi wa Mikindani au Msimbati anayeyaona haya hayuko peke yake. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa watoto wenye kifafa wa miaka 6 hadi 14, ulikuta zaidi ya nusu wana matatizo ya tabia. Kilifi, Kenya, walikuwa karibu nusu.

Sababu ni kadhaa. Hitilafu ya ubongo inayoleta kifafa huweza kuvuruga pia hisia na umakini. Fenobabitoni, dawa ya bei nafuu inayotumika sana, huweza kumfanya mtoto awe na hasira na asitulie. Kisha kuna upweke: wenzake humkimbia wakiogopa mate yake, ingawa kifafa hakiambukizi.

Usikatishe dawa ghafla, kwani kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu na kuhatarisha maisha. Andika kwenye daftari siku alizoanguka, anavyolala na lini hasira zilianza, kisha mweleze daktari kliniki au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Ligula. Anaweza kubadili dawa au kipimo.

Baharini aende na mtu mzima anayejua kuogelea, lakini asinyimwe michezo. Akisema anatamani kufa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.